Kiondo cha Cucu na Mzee wa Picha

Kuna bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kijani juu ya meza yangu hapa Mugutha, kati ya Ruiru na Thika, nami siwezi kulirudisha. Jirani wa mlango wa pili, mama mchanga ambaye hata jina lake sijalishika vizuri, aliniletea chapati na kamande ndani yake siku niliyohamia. Alipoona ninasitasita akasema, "Ni bakuli tu, auntie, utaleta ukimaliza." Nilimaliza siku hiyo hiyo. Nimeliosha, nimelikausha, na kila nikilishika kwenda mlangoni kwake, mkono unakataa. Halina kitu ndani. Unga sijanunua, jiko bado limefungwa kwenye katoni, na mimi nililelewa na cucu.

Cucu ndiye nyanya, mama yake baba. Nilipewa jina lake, Nyambura, na kwa hiyo aliniita wakini, yaani mwenzangu wa jina, hata alipokuwa akinichapa. Nilikaa naye Kamenu, upande wa Thika, wakati wazazi wangu walipokuwa Nairobi wakitafuta maisha. Kwake yeye, ukiletewa chakula kwa sahani ya mtu, sahani hiyo lazima irudi na kitu juu yake, hata kama ni kiazi kimoja au chumvi iliyofungwa kwa karatasi. Akina mama wote wa mtaa walifanya hivyo. Sahani zilizunguka Kamenu mwaka mzima bila kupumzika, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza kumpa nani.

Nimehamahama sana tangu wakati ule. Nimepikia wajenzi wa barabara kambini huko Kitale na Voi, nimeuza kadi za simu Namanga, nimekaa Nakuru nikidhani hapo ndipo pangu. Nilipokuwa mdogo, kutoka Ruiru mpaka Thika ilikuwa kahawa tu, kijani kibichi pande zote mbili za barabara. Sasa ni ghorofa na magodauni. Lakini juzi jioni, baada ya mvua, upepo ulileta harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Nilitoka nje na kusimama kama mtu aliyeitwa. Lazima kuna kipande kilichobaki mahali, ng'ambo ya mto. Harufu hiyo na bakuli hili havijaniacha nilale vizuri.

Cucu alikuwa amechuma kahawa tangu akiwa msichana, katika shamba la mzungu mmoja huku huku. Wachumaji walimwita mzungu huyo Kabuti, kwa sababu ya koti lake refu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Cucu hakutusimulia mengi. Alichotoka nacho kwenye shamba lile ni mgongo ulioinama kidogo, na Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kikuyu. Kiswahili chake cha shambani kilijaa amri: leta, weka, jaza, enda. Maswali yalikuwa machache, kwa maana Kabuti hakuwa mtu wa kuuliza.

Neno lililotujia nyumbani zaidi lilikuwa jaza. Jioni, wachumaji walipopanga foleni na madebe yao, Kabuti alishika debe likiwa limejaa pomoni, akalitikisa mpaka kahawa ikashuka, kisha akasema, "Jaza." Unaongeza. Anatikisa tena. "Jaza." Likihesabiwa kuwa debe moja, umeshatia zaidi ya debe. Cucu aligeuza jambo hilo kuwa mzaha wake wa sokoni. Muuzaji wa mahindi akimpimia kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, cucu aliutwaa mkononi mwake, akautikisa, akasema kwa sauti nzito ya kiume, "Jaza." Wanawake wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kabuti amekuja! Ficheni maharagwe!" Mimi pia nilicheka, bila kujua nilikuwa nacheka nini.

Maktaba ilikuwa ng'ambo ya reli, chumba kimoja kirefu cha mawe yaliyochongwa vizuri, chenye paa la vigae. Mwalimu wetu alitupeleka hapo mara ya kwanza tukiwa tumeshikana mikono kwa mstari. Nje kulikuwa na mfereji, na sheria ya kwanza ilikuwa kunawa mikono. Mpaka leo nikinusa sabuni ya mche na karatasi ya zamani pamoja, najikuta nimegeuza viganja vyangu kuvikagua. Ndani kulikuwa na rangi ya nta sakafuni, na kimya ambacho sikuwa nimekutana nacho hata kanisani, kwa kuwa kanisani kwetu watu hawanyamazi.

Vitabu vingi vilikuwa vimeletwa kwa masanduku kutoka ng'ambo. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, ikisema ni zawadi, na chini yake jina refu la kizungu. Jina hilo hilo lilichongwa kwenye jiwe mlangoni. Na juu ukutani, upande wa kutokea, kulikuwa na picha kubwa ya mzee wa kizungu mwenye masharubu, amevaa nguo nzito iliyofungwa vifungo hadi shingoni.

Sasa, Kamenu kila nyumba ilikuwa na picha kama hiyo. Inatundikwa juu kabisa karibu na dari, imeinama mbele kidogo, na kitambaa cha kufuma juu ya fremu. Ni picha ya mwenye boma. Ukiingia unajua uko kwa nani. Kwa hiyo nilijua niko kwa nani. Na kwa kuwa kulikuwa na mlango mmoja ulioandikwa OFISI, ambao haukufunguliwa nikiwa pale, na nyuma yake mtu alikuwa akikohoa kikohozi cha kizee, na harufu ya chai ilipita chini ya mlango, sikuhitaji kuuliza. Mzee yuko ndani. Anakunywa chai. Hapendi kusumbuliwa.

Nilirudi nyumbani na kitabu changu cha kwanza. Kilikuwa hadithi ya kijana na punda wake waliokuwa wakibeba chumvi kuelekea kaskazini, kupita nchi ambazo sikujua kama zipo. Cucu hakujua kusoma. Alikigeuza kitabu kama anayekagua kabichi.

"Ni nani amekupa?"

"Mzee wa maktaba."

"Mzee gani?"

Nilimsomea lile jina refu. Halikumwambia kitu. "Yuko ofisini," nikamweleza. "Ana picha ukutani. Anatupa vitabu, tunasoma, tunarudisha, anatupa vingine."

"Na nyinyi mnampa nini?"

"Hakuna."

Cucu aliniangalia kana kwamba nimemwambia tunaingia pale uchi.

Siku ya kurudisha, alikifunga kitabu kwa kitambaa safi, akakitia kwenye kiondo chake, kile kikapu cha kamba chenye mkanda, na kando yake akapanga mayai kwenye majani makavu ya migomba. Madam Auma, msimamizi wa maktaba, alikuwa mwanamke mrefu aliyetundika miwani shingoni kwa uzi. Alichungulia ndani ya kiondo.

"Nyambura, hii ni nini?"

"Mayai, madam."

"Naona ni mayai. Ya nani?"

"Ya mzee." Nilielekeza kidole kwenye picha.

Alicheka, akadhani ni mchezo wa watoto. "Huyo hahitaji chochote, mpenzi. Na hapa haturuhusiwi kupokea vitu. Mwambie cucu asante, lakini hapana."

Niliyabeba mayai mpaka nyumbani na kumwambia cucu kwamba mzee hahitaji chochote.

"Kila mtu anahitaji kitu," alisema. "Labda mayai yanamsumbua tumbo. Wazungu wana matumbo mepesi."

Mara iliyofuata alituma nduma, yaani majimbi, zilizochemshwa mpaka zikalainika, kwa sababu ya meno ya mzee. Zikarudi. Alituma maembe, yakarudi. Kisha akatuma jogoo, amefungwa miguu, kichwa kikitokeza kwenye kiondo kando ya kitabu. Kamba ililegea nikiwa nanawa mikono. Jogoo aliingia ndani kabla yangu, akapita chini ya meza za wasomaji, akaruka juu ya rafu ya magazeti. Mwanafunzi mmoja wa chuo akapiga kelele, "Madam, huyu naye ana kadi?" Hata mzee aliyekuwa akisoma magazeti kila siku bila kuinua uso, siku hiyo aliuinua. Madam Auma hakucheka. Alinishika bega, akanitoa nje pamoja na jogoo, akasema kwa upole ambao uliniumiza zaidi, "Usilete kitu tena. Tafadhali. Watanifuta kazi."

Jioni hiyo cucu alikaa kwenye kigoda chake akimkuna jogoo shingo. Kisha akasema, "Hicho kitabu ulichorudi nacho kirudishe kesho. Usichukue kingine."

"Lakini cucu, bado sijamaliza hadithi!" Na kweli. Hadithi ya punda ilikuwa ya vitabu viwili. Cha kwanza, ambacho nilikuwa nimekiazima tena, kiliishia mto ulipofurika, kijana akiwa ng'ambo hii na punda ng'ambo ile, na chumvi ikiyeyuka mgongoni. Cha pili kilikuwa kimeazimwa siku zote, na siku hiyo ndipo nilipokiona kwa macho yangu kwenye rafu.

"Wakini, sikiliza. Mtu akikupa leo, akakupa kesho, na chako hataki hata kuonja, huyo si jirani. Huyo amekukalisha chini ili akuone kutoka juu. Mimi sikalishwi tena."

Nililia. Nilikataa chakula, jambo ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko kulia. Mwishoni nikasema maneno ambayo sijui yalitoka wapi: "Basi njoo umwambie mwenyewe!"

Aliacha kumkuna jogoo. "Nitakuja," alisema. "Na nitamwambia."

Jirani amebisha hodi sasa hivi nikiandika haya. Si kwa sababu ya bakuli, alitaka kujua kama maji yamekatika na kwangu. Lakini macho yake yamepita mezani. "Kesho, mama," nimemwambia. "Haraka ya nini, auntie," amejibu, akaenda zake akicheka. Huenda yeye hajui desturi hiyo. Huenda anaijua na ananisubiri nishindwe.

Katika kuhamahama kwangu nimeingia vyumba vingi vya kusomea. Mtu asiye na kwake hupenda mahali ambapo unaweza kukaa kutwa bila kuulizwa unangoja nani. Na nimekuwa na tabia ya kusoma jiwe la mlangoni kabla ya kusoma kitabu. Kuna karibu kila mara jina la mtu aliyetoa: tajiri wa viwanda, mwenye mashamba, mjane, mwanasiasa aliyestaafu. Nimesoma kwamba hata katika nchi za mbali maktaba nyingi za watu wote zilianza hivyo. Mtu anakusanya maisha yake yote, na uzeeni, au akishakufa, mali inageuka kuwa rafu. Wengine walisifiwa na wengine walitukanwa na wafanyakazi wao wenyewe, walioona afadhali wangeongezewa mshahara wajinunulie vitabu. Na nyingine kati ya nyumba hizo, katika nchi yetu hii, zilipofunguliwa, mtu kama cucu wangu hangeruhusiwa kuvuka mlango isipokuwa ameshika ufagio.

Sijawahi kujua upande wa kukaa. Vitabu vilikuwa vizuri. Karatasi ile ndogo iliyosema zawadi pia ilikuwa imebandikwa humo, na mimi nilivisoma na karatasi yake. Maktaba ile ya Thika haipo tena. Nilipita mwaka niliotoka Nakuru nikakuta duka la mabati na misumari, paa la vigae limeondolewa, na jiwe la mlangoni limepakwa rangi pamoja na ukuta. Ila ukijua pa kutazama, herufi zinaonekana bado chini ya rangi.

Cucu alikuja Jumamosi. Alivaa rinda lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akachemsha nduma upya, akazifunga kwa majani na kuzitia kwenye kiondo pamoja na kitabu changu. Mferejini alinawa mikono mpaka viwiko, kama daktari. Alipita mlangoni bila kutazama nyuma ukutani ilikokuwa picha, akaenda moja kwa moja kwa Madam Auma.

"Habari, mama. Mimi nataka ona mzee."

"Mzee yupi, cucu?"

"Mwenye nyumba. Yule nakaa ofisi."

Madam Auma alinitazama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa mayai, nduma, maembe na jogoo, vyote kwa pamoja. Alienda kwenye mlango ulioandikwa OFISI akausukuma. Ndani kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, ufagio, ndoo, na askari wa maktaba, mzee Kilonzo, amekaa kwenye sanduku na kikombe mkononi. Alikohoa kikohozi kile kile. "Karibuni chai," alisema.

"Ni huyu?" cucu aliuliza.

"Hapana, cucu. Huyu ni askari wetu. Mwenye jina alifariki zamani, hata kabla hapa hapajajengwa. Mke wake ndiye aliyetoa pesa tujengewe, ili watu wamkumbuke. Yeye ni yule pale kwa picha."

Wakati wote ule nilikuwa nikimpelekea chakula mtu aliyekufa, na yeye alikuwa akinipa vitabu. Lakini hakuna aliyekuwa akinitazama. Cucu alikuwa ameigeukia picha.

Kiondo kilikuwa kimemning'inia mkononi, karibu kiguse sakafu.

"Kabuti," alisema. Haikuwa sauti ya sokoni.

Ndipo nami nikaiona ile nguo nzito, na vifungo vyake hadi shingoni.

"Unamjua, cucu?" Madam Auma aliuliza.

"Mimi nachuma kahawa yake. Kutoka msichana mpaka naolewa, mpaka nazaa baba ya hii mtoto. Nabeba mgongoni, huyo baba yake, na debe iko mbele." Aliinua macho, akatazama kuta za mawe, mbao za paa, rafu moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu aliyeingia kwake akakuta fanicha zimepangwa na mgeni. Hakuonekana amekasirika. Alionekana anapima.

Kisha akanigeukia kwa Kikuyu. "Wakini, toa nduma. Weka kwa meza ya mama."

Nilizitoa. Madam Auma akafungua mdomo, na cucu akamwahi: "Hii si yake. Hii yako, na ya huyu wa chai." Mzee Kilonzo alikuwa tayari amesimama mlangoni. Madam Auma aliitazama picha, akazitazama nduma, akazifunika kwa kitambaa chake. Hakutaja sheria.

"Sasa chukua kile kitabu cha punda," cucu aliniambia.

Nilikimbia, ingawa kukimbia kulikatazwa. Nilirudi nacho na kukitia kwenye kiondo. Cucu alikitwaa kiondo kwa mikono miwili, akakitikisa. Kitabu kilizama chini.

"Jaza," alisema.

Nilikwenda nikaleta kingine. Alitikisa.

"Jaza."

"Cucu," Madam Auma alisema kwa sauti ya chini, "mtoto anaruhusiwa viwili tu."

Cucu hakubishana. Aliendelea kukishika kiondo mbele yake, kimefunguka, kama wachumaji walivyokuwa wakishika debe mbele ya yule mtu. Wasomaji walikuwa wameacha kusoma. Madam Auma alivaa miwani yake, akaivua. Kisha akavuta droo akatoa kadi.

"Hii ni yangu mwenyewe," alisema. "Na mimi nina haki ya kuazima. Nenda, Nyambura, chagua."

"Hata mimi walinipa kadi," mzee Kilonzo alisema kutoka mlangoni, nduma mdomoni. "Sijawahi kuitumia. Mchukulie mtoto vyenye picha."

Nilichukua vyenye picha na vyenye ramani. Nilichukua kimoja kizito kuhusu nyota kwa sababu ya uzito wake tu. Kila mara cucu alitikisa, na kila mara akalisema neno lile, mpaka akatikisa na hakuna kitu kilichoshuka.

Alikipandisha kiondo mgongoni, akapitisha mkanda wake kwenye paji la uso, juu ya kitambaa cha kanisani, mahali ambapo ngozi ilikuwa na alama ya mkanda tangu zamani. Njiani kutoka alisimama chini ya picha.

"Enda," aliiambia.

Tukatoka. Tulivuka reli, tukashika njia ya Kamenu, na yeye akitangulia ameinama mbele kidogo. Nilimwona anahema. Nikamwomba anipunguzie, angalau kile cha nyota.

"Wacha," alisema, bila kusimama. "Mizigo yote ya Kabuti niliibeba kwenda kwake. Huu unaenda kwetu."